Kupita si kulisha: tunachokosea kuhusu njia za misitu ya Dodoma

Kwenye msitu mdogo ulio juu ya mtaa ninaoishi, pembezoni mwa jiji la Dodoma, kimesimikwa kibao kipya cha bati. Kinasema njia zote za ndani ya msitu ni za waenda kwa miguu peke yao. Baiskeli, punda na mifugo ya aina yoyote ni marufuku. Picha ya kibao hicho imezunguka kwenye makundi ya simu kwa siku kadhaa, na wengi waliotumiana waliipongeza. Hatimaye, walisema, amepatikana mtu wa kuilinda miti yetu. Furaha hiyo naielewa, maana nami nimepanda miti kwenye kilima hicho, na nimewahi kukuta miche niliyoimwagilia kwa mkono imetafunwa hadi usawa wa udongo. Lakini kibao kile hakilindi msitu. Kinachanganya mambo mawili ambayo mtoto yeyote aliyekulia kwenye boma la Kigogo huyatenganisha kabla hajaanza shule: kupita na kulisha. Kwa kuyachanganya, kinawaondoa njiani watu ambao msitu unawahitaji, kisha kinaiacha njia yenyewe ife kwa kitu ambacho hakikutajwa popote kwenye bati lile, yaani maji ya mvua.

Msimamo wangu niuweke wazi mapema. Njia za misitu inayoizunguka Dodoma ziwe za pamoja: za miguu, za baiskeli na za kwato. Kanuni ziwekwe kwa anachofanya mtu njiani, zisiwekwe kwa alichopanda wala kwa mnyama anayemswaga. Anayekata mti azuiwe hata kama anatembea kwa miguu, na anayepita apite hata kama anaongoza punda watatu.

Tuangalie kwanza tulikotoka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Manispaa ya Dodoma. Ile ya 2022 ikakuta watu 765,179 katika mji ambao tangu Aprili 2018 ni jiji. Uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu hapa ulitekelezwa kwa kusuasua kwa zaidi ya miaka arobaini, halafu kuanzia 2016 serikali ikahamia kweli, na mashamba ya mtama na uwele yakageuka viwanja. Kilichobaki bila nyumba ni vilima na makorongo. Desemba 2017, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kuifanya Dodoma kuwa ya kijani, na tangu hapo miche imepandwa na kupandwa tena. Nasema kupandwa tena kwa sababu mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima ni takribani milimita 550 hadi 600. Mche unaovuka kiangazi cha kwanza Dodoma umepita mtihani mgumu. Ndiyo maana watu wanakuwa wakali miti hii inapoguswa, na ukali huo una haki yake.

Lakini vilima hivyo havikuwa vitupu kabla ya miche. Vilikuwa na njia. Asubuhi ya saa kumi na moja, kabla jua halijachomoza nyuma ya mlima, wanapita kina mama na vijana na punda wenye madumu manne ya lita 20, mawili kila upande, kilo 80 za maji juu ya mgongo mmoja. Saa kumi na mbili wanapita wanafunzi. Baada yao huja baiskeli za maziwa na mboga, zenye karia iliyoongezewa vyuma na kufungwa kwa mpira wa tairi kuukuu. Jumamosi na Jumapili huja wageni wapya wa njia hiyohiyo: vikundi vya wakimbiaji waliovaa fulana za rangi moja, na vijana wa baiskeli za milimani wenye kofia ngumu. Hawa wa mwisho ndio waliotufanya tuanze kuviita vijia hivi njia za mazoezi. Kwa waliotangulia zilikuwa, na bado ni, njia za maisha.

Nchi nyingine mjadala wa namna hii huwa wa pande tatu: mtembeaji, mwendesha baiskeli na mpanda farasi. Kwetu farasi ni wachache mno, na sababu kubwa ni magonjwa. Mbung'o walieneza nagana katika maeneo mengi ya kati na magharibi mwa nchi, na visubi hueneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao humuua farasi kwa siku chache wakati punda huuhimili. Kwa hiyo nafasi ya farasi Dodoma imeshikwa na punda. Hata hivyo kanuni zilizotungwa kwa ajili ya farasi zinatufaa, ila kwa tofauti moja. Farasi akishtuka hukimbia. Punda akishtuka husimama, tena katikati ya njia, na hasogei mpaka aridhike. Mwendesha baiskeli anayeteremka kwa kasi na kukata kona akidhani mnyama atampisha amekosea hesabu tangu mwanzo.

Wanaotetea kibao wana hoja tatu hivi, na haziko sawa kwa uzito. Nzito kuliko zote inatoka kwenye historia ya mkoa wetu wenyewe. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden. Mmomonyoko wa Kondoa ulikuwa umefikia pabaya, makorongo yakimeza mashamba, mpaka mwaka 1979 serikali ikaamua kuondoa mifugo yote kwenye eneo la kilomita za mraba 1,256. Mwaka 1986 hatua hiyohiyo ikachukuliwa Mvumi. Matokeo yalionekana kwa macho: majani yalirudi, vichaka vikafunga, kingo za makorongo zikatulia. Aliyewahi kusimama Kondoa akaangalia mabonde yaliyopona hawezi kusema kwamba kuondoa mifugo hakukufaa kitu. Mimi sisemi hivyo. Basi kama iliwezekana Kondoa, wanauliza, kwa nini tusifanye hivyo kwenye vilima vya mjini?

Jibu liko ndani ya mfano wenyewe. HADO iliondoa makundi ya malisho, makumi ya maelfu ya wanyama waliokuwa wakila kilichoota kutwa nzima, mwaka hadi mwaka, kwenye udongo uliokwisha vuliwa nguo. Hayo ni malisho. Punda anayebeba maji kwenye kijia chenye upana wa hatua mbili, amefungwa kamba, anapita kwa dakika kumi na tano na kutoka upande wa pili. Madhara ya kulisha yametanda kilima kizima; madhara ya kupita yamebanwa kwenye ule ukanda mwembamba ambao tayari hauna majani. Kondoa inatufundisha pia upande wa pili wa sarafu. Ng'ombe walioondolewa hawakuyeyuka. Walihamishiwa maeneo ya jirani, wakaenda kuongeza mzigo huko. Wenye mashamba walikosa samadi na maziwa, na ndiyo maana miaka kumi baadaye ufugaji wa ndani, wa kukata majani na kumpelekea ng'ombe bandani, uliruhusiwa. Yaani hata serikali iliyochukua hatua kali kuliko zote katika historia ya uhifadhi wa mkoa huu ilifika mahali ikatenganisha mnyama na tendo. Tatizo lilikuwa kuzurura na kulisha, na ng'ombe wa bandani akarudi. Kibao cha mtaani kwetu kimeanzia kule ambako HADO ilishatoka.

Hoja ya pili ni ya udongo: kwato na magurudumu hubomoa njia. Hapa kuna ukweli nusu, na nusu hiyo inastahili kutazamwa kwa karibu. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 1994 kutoka jimbo la Montana, Marekani, ulilinganisha mtembeaji, farasi, baiskeli na pikipiki kwenye njia zilezile, kisha ukapima udongo unaosombwa na maji. Farasi ndiye aliyelegeza udongo mwingi zaidi, na hali ilikuwa mbaya zaidi pale njia ilipokuwa imeloa. Hilo ni pigo kwa hoja yangu na nalikubali: kwato kwenye njia yenye matope huumiza. Lakini utafiti huohuo ulikuta kwamba nyayo na kwato hutoa udongo mwingi kuliko magurudumu. Kibao chetu kimefukuza gurudumu kikaacha unyayo. Kama sababu ingekuwa udongo kweli, basi baiskeli ingekuwa ya mwisho kufukuzwa.

Nendeni mkaitazame njia kuu ya kilima chetu. Inapanda wima kutoka nyumba za mwisho hadi kileleni, imenyooka kama kamba ya fundi. Nimeipima kwa fimbo. Juu, karibu na jiwe kubwa, mfereji una kina cha kiganja. Katikati unafika kwenye kifundo. Chini, pale kwenye mkwaju, unafika gotini, na mizizi ya mti imebaki inaning'inia hewani upande mmoja. Mchanga uliotoka humo umelala barabarani mbele ya duka la mwisho. Mfereji ule haukuchimbwa na punda. Punda mwenye mzigo hapandi wima. Ukimwachia achague, atazunguka kilima kwa mteremko mdogo, na njia ya zamani ya punda ipo mpaka leo upande wa mashariki, inajikunja mara nne, na baada ya miaka yote hiyo ina kina cha vidole viwili. Walioinyoosha njia ni sisi wa mazoezi, tunaotaka mlima utuumize mapaja. Maji nayo hupenda njia iliyonyooka. Mvua kubwa mbili za Januari zinatosha kufanya kile ambacho punda wote wa mtaa wasingekifanya kwa mwaka mzima.

Mafundi wa njia za milimani wana kipimo chepesi: mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa kilima inapopita, la sivyo maji yataifuata njia badala ya kuikatiza. Baada ya hapo unaiinamisha njia kidogo kuelekea bondeni, unaweka mawe ya kukata maji kila baada ya hatua kadhaa, na unafunga ile iliyonyooka kwa matawi ya miiba. Dodoma hatuhitaji mtaalamu wa mbali kwa kazi hii. Wazee waliochimba matuta ya kontua enzi za HADO wapo, na wanajua kusoma maji yanavyoshuka kuliko mtu yeyote mwenye ramani. Na udongo ukiwa umeloa, njia ifungwe kwa kwato na kwa magurudumu siku moja au mbili baada ya mvua kubwa. Kanuni ya namna hiyo hata mwenye punda anaielewa, kwa sababu yeye ndiye wa kwanza kuteleza.

Hoja ya tatu ni usalama, na hapa wenye baiskeli wanapaswa kusikiliza. Kuna siku nilikuwa nikishuka, mbele yangu bibi mmoja na punda wake wawili. Kijana wa baiskeli akaja kwa nyuma bila kengele, bila sauti, akapita kwa upana wa mkono. Punda wa mbele akasimama ghafla, wa nyuma akamgonga, dumu moja likakatika kamba na kupasukia kwenye jiwe. Lita ishirini zilizochotwa gizani zikanywewa na mchanga kwa muda wa kuhesabu kumi. Kijana, nimsifu kwa hilo, alirudi. "Shikamoo, bibi. Nisamehe." "Marahaba, mjukuu wangu. Kengele umeiacha nyumbani?" Hakumtukana, hakumfukuza kilimani. Alimwambia avunje mwendo akiona mgongo wa mnyama, naye akaitikia. Kisha kijana akalifunga lile dumu lililopasuka kwenye karia yake na kwenda kutafuta jingine.

Katika tukio lile kanuni nzima ilisemwa na bibi, na inafanana na ile iliyoandikwa kwingineko. Uingereza, sheria ya mwaka 1968 iliwaruhusu waendesha baiskeli kutumia njia za farasi kwa sharti kwamba wawapishe watembeaji na wapanda farasi. Scotland ilikwenda mbali zaidi mwaka 2003, ikawapa watu wa miguu, baiskeli na farasi haki ya kupita sehemu kubwa ya nchi ilimradi wapite kwa kuwajibika. Mpangilio ni uleule kila mahali: baiskeli humpisha kila mtu, na wote humpisha mnyama. Mwenye chombo chepesi kusimamisha ndiye anayesimama. Unapomkuta punda, unasimama upande wa bondeni, unasema neno, "Mbukwenyi" au "Hamjambo", ili mnyama ajue kwamba kile chenye kofia inayong'aa ni binadamu. Salamu zetu, ambazo tunazo nyingi kupita kiasi, zinafanya kazi ambayo wenzetu wameifanyia vibao.

Kuna hoja nyingine ambayo huwa inasemwa kwa sauti ya chini, na ndiyo dhaifu kuliko zote: kwamba Dodoma sasa ni makao makuu, na punda na baiskeli za mizigo haziendani na hadhi ya jiji. Siwezi kuipa heshima ya kuizungusha. Jiji hili limejengwa kwa mchanga, maji na matofali yaliyobebwa na punda na baiskeli hizohizo. Mama anayepita kilimani saa kumi na moja alfajiri hachagui punda kwa sababu ya mila. Anachagua kwa sababu maji yako mbali na bodaboda ni fedha ambayo hana. Ukimtoa kwenye kijia cha msitu unampeleka kwenye barabara kuu, bega kwa bega na malori yanayokwenda Singida na Mwanza. Hadhi gani inayojengwa kwa kumsogeza mtu karibu na lori?

Mkaa ndio unaonisumbua kweli, na nisingekuwa mkweli kama ningeuruka. Baiskeli inabeba maziwa, na pia inabeba mkaa. Punda vivyo hivyo. Rafiki yangu mmoja anayejitolea kulinda msitu ananiambia: ukiruhusu karia, umeruhusu gunia. Nimelifikiria sana neno lake. Lakini mkaa hausafiri saa mbili asubuhi Jumamosi kwenye njia yenye wakimbiaji arobaini. Unasafiri usiku, au kwenye njia ambayo watu halali wameshaondolewa. Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 tayari inakataza kukata na kusafirisha mazao ya msitu bila kibali. Kinachokosekana ni macho. Mama wa punda anapita kila siku alfajiri, kwa hiyo ndiye wa kwanza kuona kisiki kibichi na moshi wa tanuru. Akiwa na haki yake ya njia, atasema. Akiwa yeye mwenyewe mvunja sheria kwa kupita tu, atanyamaza, kwa sababu swali la kwanza atakaloulizwa ni alikuwa anafanya nini mle. Hilo ndilo kosa kubwa la kibao: kimewatia mwenye maji na mwenye mkaa kwenye kapu moja, na sasa wana sababu ya kufichiana siri.

Nairobi wana mfano ulio karibu. Msitu wa Karura, wenye hekta 1,041 katikati ya jiji, ulikuwa mahali ambapo watu waliogopa kukanyaga, na miaka ya mwisho ya tisini Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiuzuia usigawanywe viwanja. Leo una njia za watembeaji na za baiskeli, na mojawapo ya sababu za usalama wake ni kwamba umejaa watu. Najua Karura ina uzio, kiingilio na mapato. Vilima vyetu havina. Lakini hilo linaongeza uzito wa hoja: asiyeweza kulipa walinzi hawezi kumudu kuwafukuza wapita njia.

Suala hili litakuwa kubwa kuliko kibao kimoja. Barabara ya mzunguko wa nje ya Dodoma, kilomita 112.3, inapita Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa na Matumbulu, na inavikata vijia ambavyo havimo kwenye ramani yoyote ya jiji. Kila mradi wa viwanja unafanya hivyohivyo. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inatambua haki ya njia ya umma, na mchakato wa kutangaza hifadhi ya msitu unataka haki za watu zilizokuwepo zichunguzwe kwanza. Lakini haki isiyochorwa huonekana kama haipo. Serikali ya mtaa ikikaa na wenye punda, waendesha baiskeli, wakimbiaji na watu wa misitu, ikatembea nao kilimani na kuchora njia tatu au nne za kudumu, itakuwa imefanya jambo ambalo halina gharama zaidi ya siku moja na rangi nyeupe ya kupaka mawe.

Jumapili iliyopita nilizunguka kile kibao. Kushoto kwake kuna kijia kipya kilichopenya katikati ya miche, chenye alama za kwato. Kulia kuna viwili vya magurudumu. Miche sita imelala. Njia ya zamani ya punda, ile ya upande wa mashariki inayojikunja mara nne, imeanza kuota majani, na hakuna anayeipita kwa sababu inaonekana kutoka ofisini. Tuko mwishoni mwa kiangazi. Mvua zikianza Desemba, maji yatakuta mikato mitatu mipya badala ya mmoja, na mkwaju ule una mizizi ya upande mmoja tu iliyobaki kuushikilia.